Kitambaa Alichoacha Dada

Wateja walimwita Malkia, naye hakulikataa jina. Gauni lolote likitoka kwenye cherehani yake, alilishika mbele ya kioo na kujipongeza: "Jamani, mikono hii ingekatiwa bima!" Akikosea alicheka wa kwanza, akafumua, akaanza upya.

Mdogo wake, waliyeshona naye duka moja, alikuwa mkimya. Watu walimwona mnyenyekevu, naye alijiona hivyo. Lakini neno moja la mteja lilimchoma wiki nzima. Ndiyo maana hakumjaribisha mtu nguo ingali imeshikizwa kwa uzi wa muda. Alimwita ikishakwisha kabisa. Alitaka kusikia jambo moja tu: haina kasoro.

Siku moja bibi harusi alijaribu gauni alilomshonea, akainua mikono. "Fundi, linanibana kwapani."

Bibi harusi alipoondoka, mdogo mtu alitia mkasi wake kwenye mkoba.

"Safari ya wapi?" Malkia aliuliza.

"Nyumbani, Dada. Kazi imenishinda. Sirudi."

"Kwa kwapa moja?"

"Huwezi kuelewa. Wewe unajipenda."

"Sana! Nijinyime kwa nini? Lakini mdogo wangu, majivuno tunayo sote. Yangu yako mdomoni, mtaa mzima unayasikia. Yako umeyafungia ndani, na kujipenda hujipendi. Mimi nikikosolewa nanuna mpaka chai. Wewe unafunga duka." Alimsukumia gauni. "Fumua kwanza, ndipo uende."

Mdogo wake alifumua kwa hasira. Ndani ya mshono kulikuwa na kitambaa cha ziada, upana wa vidole viwili. Malkia ndiye aliyekata vitambaa vya wateja wote wa duka, na kila mara mdogo wake alipouona upana ule alimcheka kimoyomoyo: fundi gani huyu, anapoteza kitambaa! Sasa kwapa lilipata nafasi, na kingine kikabaki.

"Dada, ulikuwa unaniachia kwa makusudi?"

"Hujaribishi wateja wako. Ningefanyaje?"

"Na hukujisifu hata mara moja?"

"Kwa hilo? Ungelia."

Alilia kweli, huku akicheka. Kisha akautoa mkasi mkobani.

Kesho yake bibi harusi alivaa gauni likiwa limeshikizwa tu kwa uzi mweupe. Fundi wake alipiga magoti, pini mdomoni. Alizitoa pini.

"Niambie ukweli, bibi harusi. Wapi hapajakaa vizuri?"

"Hapa mgongoni, kidogo."

"Asante," fundi alisema, akachomeka pini.

Nyuma ya cherehani, Malkia aliinamia kazi yake, akisikiliza huku akitabasamu.