Mashua Ambayo Sikuipaka Rangi

Watu hudhani shule ikifungwa mwalimu analala. Mimi sijui kulala mchana. Miguu yangu imenizungusha kutoka Isebania hadi kisiwa cha Mfangano, kwa vibarua vya kila aina, kabla sijashika chaki katika shule hii ndogo karibu na Awendo, ambako malori ya miwa hututikisia madirisha tangu asubuhi. Kinachonipumzisha ni kimoja tu: kupaka mashua rangi.

Nilijifunza kazi hiyo ufuoni kwetu, upande wa Homa Bay, nilipomaliza kidato cha nne na sina pa kwenda. Unapiga mbao msasa, unapaka nyeupe, halafu ubavuni unachora ukingo wa pembetatu za buluu na njano, moja baada ya nyingine, mpaka kichwa kinanyamaza. Mashua haiinui mkono kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Haisemi mwenzake ameiba kalamu. Nikishapaka moja hurudi darasani na michoro mipya kichwani, na hata sauti yangu hushuka. Mwaka huu niliihitaji kuliko miaka yote. Mwisho wa muhula nilichora ng'ombe ubaoni, watoto wakasema ni meza.

Binamu yangu alikuwa amenihifadhia mashua yake mpya, mbao tupu bado. Nilifika likizo ya Agosti na brashi zangu nimezifunga kwenye gazeti. Kesho yake, kabla sijafungua mkebe wa rangi, mzee jirani yetu akafariki.

"Omera, ndugu yangu, weka hizo brashi," binamu aliniambia. "Ukipaka mashua rangi na mzee yuko mochari, watasema tunasherehekea."

"Si nipige msasa tu?"

"Msasa una kelele."

Alisema kweli, ndiyo maana niliudhika zaidi. Kwetu mtu akiwa hajazikwa, majirani hawaanzi kazi mpya. Huanzi kulima, huanzi kujenga. Nikajituliza kwamba atazikwa Jumamosi na likizo itabaki ya kutosha.

Jioni nilienda kwenye kikao cha mazishi kutoa pole. Nilitoka nikiwa katibu.

"Mwalimu ndiye yuko likizo," mwenyekiti alisema. "Sisi wengine tuna kazi."

"Na siku yenyewe aongoze programu," mwingine akadakia. "Amezoea kunyamazisha watu."

Wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu kwenye matanga huwezi kukunja uso peke yako. Nani angeelewa nikisema nataka kupumzika kwa kufanya kazi?

Jumamosi ikapita. Binti wa marehemu alikuwa Saudi na mwajiri wake hajamruhusu kusafiri. Jumamosi ya pili ikapita. Kila siku nilipiga simu za watu, nikatafuta mahema, nikasuluhisha wakwe waliogombania ng'ombe wa kuchinjwa. Lilikuwa darasa lilelile, ila wanafunzi walikuwa na mvi. Asubuhi nilikuwa napitia ufuoni kuiangalia mashua, nikiipapasa ubavu.

"Unaenda kuiona kila siku," mama yangu alisema. "Kama ni msichana, si ungeshaposa?"

Mwishowe binti akafika. Siku moja kabla ya mazishi jeneza likaletwa, pamoja na msalaba wa mbao usio na jina.

"Mwalimu ana brashi," mtu akasema.

Nikauchukua nyuma ya nyumba. Nikapaka nyeupe. Nikaandika jina kwa nyeusi, polepole, na kwa mara ya kwanza likizo nzima mabega yangu yakalegea. Mkebe wa buluu ulikuwa pale. Na wa njano. Mkono ukaendelea wenyewe, pembetatu baada ya pembetatu, kuzunguka ukingo wote. Nilikuwa nimesahau kabisa niko wapi nilipomwona dada wa marehemu amesimama juu yangu na fimbo yake.

"Japuonj," aliniita mwalimu kwa Kijaluo, "hii ni nini?"

"Ni mapambo, mama."

"Mapambo ya mashua! Ndugu yangu aliogopa maji maisha yake yote. Hata Mfangano hakuwahi kuvuka. Sasa kwa sababu hawezi kukimbia, ndio unampakia boti?"

Wanawake waliokuwa wakimenya viazi wakaangua kicheko.

"Futa," akasema.

Nikafuta. Nikapaka nyeupe juu ya kitu pekee nilichokuwa nimechora kwa raha tangu likizo ya Aprili.

Tulimzika. Asubuhi iliyofuata nilikimbia ufuoni na mikebe yangu. Binamu na wenzake walikuwa wanaisukuma mashua majini, mbao tupu vilevile, nyavu zikiwa ndani.

"Watoto wangu hawawezi kula pembetatu, mwalimu," alisema bila kugeuka. "Desemba."

Siku ya kufungua shule malori yalikuwa yakipita kama kawaida. Niligeukia ubao niandike tarehe, na sijui ilikuwaje, nikajikuta nachora pembetatu ukingoni, moja, nyingine, nyingine.

"Mwalimu," sauti ikatoka nyuma, mkono juu, "hiyo tuandike?"

Nikafuta, nikaandika tarehe.