Aliyeagwa Akabaki

"Mkiniona tena hapa mtaani Gungu kabla sijapata digrii ya pili, nimwagieni maji ya vyombo!"

Aliyesema hivyo ni shangazi yangu Honorata, nesi mkunga, akiwa ameshika kipaza sauti cha kukodi mbele ya majirani, wanakwaya na kikundi kizima cha akina mama wa Ujiji. Vigelegele vikapasuka. Alikuwa amevishwa kitenge kipya juu ya gauni, na jogoo wa zawadi alilala chini ya kiti, miguu imefungwa, akiwatazama wageni kama aliyekwisha kuelewa sherehe inaelekea wapi.

Sababu ya kelele ilikuwepo. Hospitali ya misheni alikofanya kazi ilikuwa na mfuko wa kuwasomesha manesi wake shahada ya uzamili, mtu mmoja kila mwaka. Ada inalipwa, mshahara unaendelea, na ukimaliza unarudi kufanya kazi palepale. Shangazi aliomba, wakampa mwingine. Akaomba tena, wakampa nesi ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika sindano. Mwaka 2015 jina lake likatoka la kwanza. La akiba lilikuwa la Gervasi, nesi kijana wa wodi hiyohiyo ya wazazi. Yaani Honorata akikwama, Gervasi anapanda treni ya kwenda chuoni Dar.

Kosa la shangazi ni kwamba aliaga kabla ya kupewa ruhusa kazini. Na kwetu kuaga si kupunga mkono getini. Mwenye safari anapita nyumba kwa nyumba, anakaa, anakula, anaombewa dua, anapewa cha njiani. Alimaliza Gungu, akashuka Ujiji kwa Bi Zuleha, mwenyekiti wa kikundi, akaishia Katonga kwa wauza samaki, akarudi na migebuka mikavu ya kulisha behewa zima. Alipomaliza mzunguko, mji ulikuwa umeshamtoa kwenye orodha ya waliopo.

Wiki hiyohiyo Warundi waliokimbia machafuko kwao wakajaa Kagunga, kule mpakani. Meli ikawa inawaleta mjini, mahema yakasimama uwanja wa mpira, na wajawazito wakawa wengi kuliko vitanda. Matroni wa hospitali, mkuu wa manesi, Sista Melania, akawaita manesi wote akasema hakuna likizo, hakuna masomo, hakuna mtu kutoka. Hasa wanaojua Kiha, maana Muha na Mrundi wanaelewana vizuri tu, na mama mwenye uchungu hana muda wa kumsubiri mkalimani.

"Sista, chuo kinafunga kupokea wanafunzi Jumatatu," shangazi akamwambia.

"Kaongee na Warundi waache kuzaa," matroni akajibu. Hakuwa na ubaya. Alikuwa hajalala.

Hapo ndipo yakaanza maisha ya mtu aliyeagwa akabaki. Mwizi ana nafuu, yeye angalau hajifichi akiwa na sare nyeupe. Shangazi alikwenda sokoni kununua vitunguu, hata kikapu hakijashushwa, muuzaji akapaza sauti:

"Heee! Honorata! Dar umerudi na ndege?"

"Sijaenda bado, mama."

"Na jogoo wetu?"

"Tulimla."

"Basi nenda, mwanangu. Jogoo asije akawa amekufa bure."

Vijana wa bodaboda pale kona nao hawakuwa na huruma. "Sista, maji ya vyombo yapo tayari. Tumwage au tusubiri?"

Akaanza kupita njia za nyuma, kanga imefunika nusu ya uso. Sanduku lake lilikaa mlangoni. Kila asubuhi alilifungua kutoa soksi, akalifunga tena kwa nguvu kana kwamba lilimtukana. Akitoka kazini alizunguka chumbani, akahamisha kiti, akakirudisha kilipokuwa.

"Shangazi, keti basi," nikamwambia.

"Nikiketi nitaonekana nimekubali kubaki."

Kazini pia hakutulia. Wale mama wa Kirundi walikuwa hawapigi kelele. Mtu anaweza kufika mwisho wa uchungu amenyamaza kimya, mzigo wake kichwani pa mkeka. Shangazi alipita katikati yao, akiwaamkia kwa Kiha, "Mwakeye, mama, mwakeye," macho yake kwenye vidole vya miguu yao, kwa sababu mwanamke aliyezoea kuvumilia usoni husahau miguu. Akiona vidole vimejikunja, anapiga magoti. Mtoto akilia, anasimama, anatazama upande wa stesheni.

Treni ya Alhamisi ndiyo iliyokuwa ya mwisho kumfikisha kwa wakati. Asubuhi yake akamfuata tena matroni.

"Nitafutie mtu," Sista Melania akasema. "Mkunga, anayejua Kiha, atakayeshika zamu zako pamoja na zake. Aniambie kwa mdomo wake, nitakuruhusu."

Mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu. Shangazi alimkuta nje ya hema la wazazi akiosha mabuti kwa maji ya klorini.

"Najua kilichokuleta," Gervasi akasema bila kuinua kichwa.

"Kama unajua, nijibu."

"Ngoja kwanza nifurahi. Tangu niajiriwe hujawahi kuniomba kitu. Unanituma tu."

"Gervasi!"

"Dada, nikikataa, nafasi ni yangu. Nikikubali, nafasi ni yako na hema hili lote ni langu. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningekataa."

Gervasi akacheka mpaka buti likamponyoka. "Afadhali umesema kweli. Sasa nisikilize. Nikienda mimi, ukabaki wewe na huo uso, nani ataweza kufanya kazi na wewe mwaka mzima? Jana umemkaripia mtoto hata kitovu hajakatwa. Nenda. Ila uniachie mabuti yako, haya yangu yanavuja."

"Hayakutoshi."

"Nitakata ncha."

Shangazi akayavua palepale. Gervasi akaenda kwa matroni kusema maneno yake, na aliporudi akamwonya: "Usiage mtu. Ukianza tena kuaga, Jumatatu itakukuta Katonga unakula."

Shangazi alirudi nyumbani kwa bodaboda, miguu mitupu. Jioni nikambebea sanduku hadi stesheni. Alikaa dirishani amejitanda kanga, ameshika mpini wa sanduku kwa mikono miwili, goti linacheza. Treni ilipoanza kuvuta hakunipungia mkono.

Kesho yake Bi Zuleha akabisha hodi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Yuko wapi Honorata?"

"Ameondoka."

"Ameondoka bila kuaga?"

"Mlimuaga, Bi. Kwa kipaza sauti na jogoo."

"Ile iliisha siku tuliyomwona sokoni na vitunguu. Anayeonekana amerudi, na aliyerudi anaaga upya. Mpigie simu, umwambie ana faini."

Nikapiga. Treni ilikuwa karibu na Tabora, sauti inakatika. Nikamweleza kwamba kikundi kimemtoza faini. Akasema, "Mwambie nitalipa. Mwambie nimekosa. Lakini sishuki."

Jumatatu alipokelewa chuoni. Faini ya kuondoka bila kuaga ni mbuzi, naye akailipa. Mwaka ule, Ujiji, mbuzi mmoja alikuwa shilingi elfu sabini.