Waya Mwekundu wa Sanduku la Ami Soud

Saa tatu asubuhi, Wete. Nusaiba Ngwali ameinamia sanduku kubwa la mbao za mfenesi kama mtu anayetafuta kuku uvunguni. Mkono wa kushoto umeshika plagi. Wa kulia haujui uende wapi.

"Sichomeki bado," anasema. "Nangoja akili ikae."

Nusaiba, 26, ni fundi wa redio na sola. Aliishia darasa la saba huko Wingwi. Ufundi akaupata kwa kumtazama marehemu baba yake. Siku njema hurudi na shilingi elfu kumi na tano. Ameshafunga sola hadi Kojani, na kote huko waya mwekundu ni chanya, mweusi ni hasi. Hakuna aliyewahi kumwambia vyengine.

Mpaka lilipoletwa sanduku hili.

Lenyewe ni kinanda, japo halina kitufe hata kimoja cha kupigia. Ndani mna vibao vya umeme: viwili hutoa sauti, chengine huikatakata, chengine huifanya ilie kama zumari. Ami yake Nusaiba, Soud Mmanga, mpiga kinanda wa harusini, aliagiza vibao hivyo nje, sanduku akaliranda mwenyewe. Kuvigawia umeme ndiko kulikomshinda.

Juzi Nusaiba alikata nyaya bapa, kila mmoja una nyuzi kumi na ukingo mwekundu, akazibania plagi ncha zake. Ukingo mwekundu akauelekeza kwenye chanya. Angeuelekeza wapi? Kibao kimoja cha sauti kikatoa moshi na harufu ya samaki aliyeungua.

"Ami akanitazama, miye nikamtazama. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza."

Baadaye ndipo walipouona mchoro kwenye simu: masanduku ya namna hii, ukingo mwekundu huenda kwenye hasi. Nusaiba akausoma, akaigeuza simu juu chini, akausoma tena.

"Nani huyo aliyekaa kitako akapanga hivi?" anauliza, na kweli anataka ajibiwe.

Sasa kimebaki kibao kimoja tu cha sauti, na Ijumaa Soud ameahidi kulipiga sanduku hili kwenye harusi ya bintiye, Rahila. Kibao hiki nacho kikiungua, hakuna kinanda. Ubaya wake, hakina alama yoyote ya kuonesha hasi ni upande gani.

"Mwanangu, kibao hicho wakiogopa kuliko mkwe," Soud anamtania, amekaa kizingitini pa kibanda cha ufundi.

"Ningekuwa na mkwe, ami, ningemjua kichwa na miguu."

Anachukua mita. Kwenye kibao mna kapasita, vile vikopo vidogo vilivyomo kwenye kila redio, vyenye mstari upande wa hasi. Anagusa mguu wa hasi wa kimoja, kisha pini za pembeni za kibao moja moja. Kimya; huo umeungwa na ethi, waya wa kati usio chanya wala hasi. Anagusa cha pili. Pini ya chini inaitika, mita inalia.

"Basi hasi ni hapa," anasema. "Akili yakubali. Mkono wakataa."

Anaugeuza ukingo mwekundu chini, anasoma Bismillahi, anachomeka, anawasha.

Moshi hautoki. Sauti ndiyo inayotoka, nene, inapanda na kushuka Soud anapozungusha kirungu cha kibao. Lakini chini yake mna mvumo, kama nyuki ndani ya mtungi.

"Harusini patakuwa na vigelegele, nani atausikia?" Soud anacheka, macho yamemlowa.

"Miye nitausikia."

Nusaiba anazima taa ya kibanda. Mvumo unapungua. Anawasha, unarudi. Anamtazama ami yake, anaitazama taa.

"Sasa taa yahusu nini?"

Kesho anakusudia kuzikata nyaya zote za ethi na kuzifunga upya kwenye bolti moja, huenda mvumo unapitia humo.

"Mvumo ukiisha, alhamdulillahi," anasema. "Usipoisha, nitazima taa, bibi harusi ataingia gizani. Lakini kinanda chake atakisikia."