Lulu Zilizopita Mikononi mwa Yotham

Yotham alikuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali mjini Dodoma. Kila siku alipokea magazeti yaliyokuja na basi kutoka Dar es Salaam, akayagawa mezani kwa wakubwa. Zamani yalikuwa mawili tu. Kufikia mwaka 1996 yalikuwa saba, naye aliyasoma yote akitembea, kurasa za michezo kwanza.

Mwaka huo mkwewe Jenifa alijifungua mtoto wa kike, akataka aitwe Lulu. Kaka mkubwa wa Yotham, Mzee Matonya wa kijiji cha Hombolo, akakataa katakata. Katika ukoo wao mtoto hupewa jina la jambo lililoonekana siku aliyozaliwa. Yeye mwenyewe alizaliwa matone ya mvua yakianza kudondoka, ndiyo maana ya Matonya.

"Hiyo lulu nani kaiona hapa?" aliuliza. "Jumapili mniambie. Mkikosa, jina nachagua mimi."

Jenifa akamfuata Yotham uani. "Baba, wewe ndiye msomaji. Nisaidie. Nimemwita hivyo tangu yuko tumboni."

Basi Yotham akaingia stoo ya ofisini, yenye magazeti ya zamani, na kila alipofunua, lulu hiyo hapo. Uganda iliitwa lulu ya Afrika. Mshambuliaji mmoja alikuwa lulu iliyookotwa Kigoma. Mshindi wa urembo, lulu. Losheni ya kulainisha ngozi, lulu. Afisa kilimo alisema zabibu ndiyo lulu ya Dodoma, na Yotham, aliyepalilia mizabibu utotoni, akacheka peke yake. Alikata kila kipande, akaandika tarehe pembeni.

Akaanza kuuliza watu. Mtaani Makole palikuwa na Saluni Lulu, ya mama mmoja aitwaye Frida.

"Umewahi kuiona, mama?"

"Mzee, mimi nilitaka jina tamu. Ulitaka niiite Saluni Vumbi?"

Ofisini alimwendea Joha, mpiga chapa kutoka Pemba, aliyevaa hereni nyeupe za mviringo.

"Hizi?" Joha akazigusa. "Plastiki ya Kariakoo, mzee wangu. Chaza, hao wa baharini wenye lulu, nimewala tangu mdogo, wala sijakuta hata moja ndani. Ukiipata, uniite na mimi nitazame."

Yotham alirudi stoo akiwa na mshangao mtamu. Nchi nzima ilikisifia kitu ambacho hakuna aliyemjua mtu aliyewahi kukiona. Lakini Jumapili ilikuwa kesho, na hilo lisingemsaidia Jenifa. Akavipanga vipande vyake kwa tarehe, akaitafuta siku aliyozaliwa mjukuu. Kati ya magazeti saba ya siku ile, matatu yalikuwa na neno hilo, moja likiwa nalo kwa herufi kubwa ukurasa wa mbele.

Kesho yake alikwenda Hombolo na Jenifa na mtoto, akamwamkia kaka yake shikamoo, akatandaza mkekani vipande vya magazeti yale matatu.

"Kaka, siku ile mvua haikunyesha wala nzige hawakupita. Kilichopita ni hiki. Nilikibeba kwa mikono yangu mchana basi lilipofika, mtoto akazaliwa jioni."

Mzee Matonya hakuwa msomaji sana. Alifuata herufi kwa kidole, gazeti la kwanza, la pili, la tatu.

"Na akikua akituuliza lulu ni nini?"

"Tutamwambia tulitafuta, hatukuiona. Labda ataiona yeye."

Mzee akaguna, akanyoosha mikono kwa Jenifa. "Nipe huyo Lulu."

Jenifa akampa mtoto, akageuka kujifuta macho kwa ncha ya khanga.