Maji Yetu na Migomba ya Baba Watoto

Mume wangu aliwahi kuchimba dhahabu Rwamgasa, na huko alijifunza kwamba kitu kikipotea, kuna mtu kakichukua. Tulipohamia Shinyanga mjini, mtaa wa Kambarage, alikuja na elimu hiyo nzima nzima.

Basi maji yakaanza kupungua kwenye tanki letu la uani. Tunalijaza siku maji ya bomba yanapotoka, tunakwenda kanisani, tukirudi yameshuka. Mume wangu hakuhitaji hata kukaa chini.

"Ni mama jirani," akasema.

"Umemwona?"

"Nimwone wa nini? Nguo zake zimeanikwa kila siku. Maji anayatoa wapi?"

Akanunua kufuli, akafunga geti. Maji yakapungua. Mtu mwingine angejiuliza kama kweli ni wizi. Yeye akasema, "Kumbe ana ufunguo!" Akafunga kufuli lingine kwenye mfuniko wa tanki. Maji yakapungua vilevile. "Anavuta kwa mpira," akanong'ona, kwa sauti ya mtu anayeanza kumheshimu mwizi wake. Salamu kwa jirani zikakatika, nami nikawa nampungia mkono kwa kujificha.

Ndipo wifi yangu, dada yake mume wangu, akaja kututembelea. Ana duka la vitenge Buseresere, na amezoea wateja wanaodai nguo ilichuja yenyewe. Alimsikiliza kaka yake mpaka mwisho, akauliza:

"Kaka, ni kitu gani kikitokea utasema si yeye?"

Mume wangu akaanza kuchezea ufunguo wa kufuli. Wifi akaendelea:

"Geti limefungwa, ni yeye. Mfuniko umefungwa, ni yeye. Akihamia Geita je?"

"Atatuma mtu," nikadakia. Mume wangu alinitazama vibaya.

Wifi akatafuta fimbo ndefu, akaizamisha tankini, akatia alama ya mkaa pale maji yalipofika. Kisha akafunga koki iliyo chini ya tanki, ile inayopeleka maji jikoni na bafuni, tukaenda kanisani sote. Tuliporudi akapima tena. Maji yako palepale.

"Leo kaogopa," akasema mume wangu.

"Inawezekana," wifi akajibu, bila hata kubishana. "Tujaribu tena."

Siku iliyofuata alifungua koki hiyo, lakini akahakikisha mabomba yote ya ndani yamefungwa. Tukashinda sokoni. Kurudi, alama ya mkaa imebaki juu, maji yako chini.

"Kaka, huyu mwizi anaiba koki ikiwa wazi tu. Ikifungwa, anashindwa hata kama ana mpira. Kwa hiyo tanki ni zima. Maji yanapotelea njiani, kati ya koki na nyumba. Bomba lenyewe limepita wapi?"

Mume wangu akaanza kuonyesha kwa kidole: limepita chini ya ardhi, likazunguka choo, likaja hapa... Kidole kikasimama mbele ya migomba yake.

Hiyo migomba alikuwa akiwaonyesha wageni wote. Jua la Shinyanga linakausha kila kitu, lakini yenyewe ilikuwa imenawiri kama ya Bukoba. Siri, alisema, ni samadi na mkono wa mkulima. Wifi akamletea jembe.

Mume wangu hakuchimba sana. Udongo ulikuwa tope, na kwenye bomba kulikuwa na mpasuko uliokaa sawasawa na makali ya jembe lile.

"Mkono wa mkulima," nikasema. Sikuweza kujizuia.

Alicheka, nashukuru. Akaziba bomba, akaoga, akavaa shati la kanisani, akaenda kwa jirani. Tukamfuata, maana hatukutaka kukosa. Akamweleza yote: kufuli, ufunguo, mpira. Mama jirani alisikiliza, kisha akashika kichwa, akamwita mama yake kwa Kisukuma.

"Mayo! Kumbe ni maji? Mlipoacha kunisalimia nikajua ni jogoo wangu, anawakatisha usingizi. Nimemchinja Jumamosi!"

Wifi akamshika mkono.

"Pole, dada. Na je, uliwahi kuwauliza?"

"Sikuuliza. Nilikuwa na hakika," akajibu, akatukaribisha chai.