Kitambaa cha Pili

Ukuta uliotenga chumba cha Wamaitha na cha Mwalimu Gordon ulikuwa mwembamba, kama kuta zote za nyumba za zamani za kanjo, za baraza la mji, hapo Kaloleni, Kisumu, na kila jioni saa kumi na moja ulianza kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Zilikuwa sauti za watoto kumi na wawili kwa pamoja, maana Mwalimu Gordon alitaka kila kiboko kihesabiwe na darasa zima, na aliyehesabu kwa sauti ndogo ndiye aliyefuata kulalia dawati. Hiyo ndiyo iliyoitwa tuisheni. Hisabati na Sayansi, mlango umefungwa, dirisha limefungwa.

Wamaitha aliikanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikie. Alikuwa fundi wa nguo, mjane wa miaka hamsini na sita, Mkikuyu mzaliwa wa Murang'a aliyefika Kisumu akiwa msichana na asirudi tena. Nusu ya sare za shule mtaani zilitoka mikononi mwake. Mwaka wa elfu mbili na nane, baada ya uchaguzi kuharibika, vijana walimburuta kwa nywele kutoka kibandani mwake na kuichoma cherehani yake akiiona. Jirani mmoja Mjaluo alimficha chooni siku mbili, akapona. Tangu siku hiyo alijiwekea sheria moja tu: mgeni haamui kesi ya wenyeji. Akiona, hakuona. Wa kumcheka ni yule ambaye hajawahi kuburutwa.

Na fimbo zenyewe zililetwa na nani? Na akina mama. Ndio, wazazi wenyewe, kwa mikono yao, siku ya kumwandikisha mtoto. Mercyline, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alikata ya kwake kwenye mpera uliokuwa nyuma ya nyumba, akaichuna magome, akaizungushia mpira mweusi wa tyubu ya baiskeli mahali pa kushikia ili isimteleze mwalimu.

"Mwalimu, mimi kila Ijumaa niko Usenge nafuata omena," alisema pale mlangoni, Wamaitha akisikia. "Hii mtoto sina saa yake. Wewe chapa. Nyama ni yako, mifupa ni yangu."

Mwalimu alicheka, akaipokea, akaisimamisha kwenye kona pamoja na zingine. Watoto wake walikuwa wanapita mitihani. Ukipitisha watoto wa watu, mtaa mzima unakuwa kiziwi.

Wamaitha aliugundua ukweli kwa futi yake ya kupimia. Ilikuwa Januari, na Terry wa Mercyline, mtoto wa miaka kumi na mmoja, alikuwa amekuja kupimwa sketi mpya. Futi ilipomgusa kiunoni aliruka, akauma mdomo.

"Terry, ni nini?"

"Hakuna, Mama Fundi." Akatazama mlangoni, kisha akasogea karibu. "Unaweza niwekea kitambaa ya pili huku nyuma? Ile nzito. Na usiambie mamangu."

Mtu jasiri angeenda kugonga mlango wa pili. Wamaitha alichukua blanketi kuukuu, akakata kipande, akakishonea ndani ya sketi kwa mshono mdogomdogo ambao jicho halioni. Wiki iliyofuata walikuja watatu. Kufikia Machi alikuwa amewatilia wote kumi na wawili, sketi kwa kaptula, na usiku alilala vizuri. Alijiona mjanja. Alikuwa amewaokoa watoto bila kufungua mdomo.

Jumamosi moja ya Juni, adhuhuri, maana Jumamosi tuisheni ilikuwa ya mchana, ukuta ulihesabu hadi mbili ukanyamaza. Fimbo ilikuwa imetoa sauti ya kufa, kama anayepiga godoro.

"Kumbe!" Ilikuwa sauti ya mwalimu. "Blanketi? Mnaniwekea mimi blanketi?" Dawati likaburutwa. "Nani ameshona hii kitu? Terry, sema. Nani?"

Terry hakusema. Hesabu ikaanza upya, na safari hii mlio ulikuwa mwingine, mlio wa mti juu ya mfupa. Wamaitha alielewa mara moja. Mwalimu alikuwa anatafuta mahali pasipo na kitambaa: vidole, mabega, kichwa. Saba. Nane. Ni yeye, fundi hodari, aliyemwonyesha pa kwenda. Kumi na nne. Kisha watoto wakaacha kuhesabu, wakaanza kupiga mayowe.

Aliikamata pasi ya makaa ikiwa moto, akatoka, akaupiga mlango teke hadi komeo likang'oka.

Terry alikuwa chini ya dawati. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono hauna kiungo. Damu ilimtoka sikioni ikiingia kwenye kola nyeupe ambayo Wamaitha mwenyewe aliishona. Mwalimu Gordon aligeuka akihema, fimbo juu.

"Mama, toka. Hapa si kwenu."

Wamaitha alimpiga kwa pasi kwenye taya. Kifuniko kikafunguka, makaa yakamwagika kifuani mwa mwalimu na juu ya madaftari, naye akanguruma, akamchapa Wamaitha usoni fimbo ikampasua nyusi. Hakuhisi kitu. Alimpiga begani, akampiga gotini, mwalimu akaanguka, na alipoanguka akampiga tena. Hasira ya miezi sita ilikuwa inamtoka, na nyingi yake ilikuwa ni hasira juu ya nafsi yake.

Mtaa ukajaa. "Huyu mama ameua mwalimu!" Mkono wa mtu ukamshika nywele, palepale pa mwaka ule, akajua sasa ndiyo siku yake. Mercyline, aliyekuwa ameshuka tu kutoka Usenge, gunia la omena bado begani, alipenya watu na kumzaba kofi.

"Unachapa mwalimu ya watoto wetu? Rudi kwenu!"

"Nitarudi," alisema Wamaitha, damu jichoni. "Nipige baadaye. Tazama mkono wa mtoto kwanza."

Mercyline alitazama. Gunia likamdondoka. Halafu akaiona fimbo sakafuni, na ule mpira mweusi aliouzungusha kwa mikono yake.

"Wuololo! Nyathina! Mwanangu!" Alilia kilio cha msiba. "Mwalimu, mifupa nilisema ni yangu! Mifupa nilisema ni yangu!"

Aliiokota akaanza kumchapa mwalimu pale alipolala, popote fimbo ilipofikia, na hakuna aliyemzuia. Ndipo watoto, waliobanana ukutani, wakaanza. Hakuna aliyewaambia. Moja. Mbili. Tatu. Kwa sauti kubwa, pamoja, walivyofundishwa.

Hapo Wamaitha alishindwa kuvumilia. Aliitupa pasi, akairukia ile fimbo, akaishika kwa mikono miwili. Alijaribu kuivunja gotini, lakini mpera hauvunjiki, unapinda tu. Akaikalia.

"Nyamazeni!" aliwapigia watoto kelele huku analia. "Hakuna kuhesabu! Hakuna kuhesabu tena!"

Polisi walimbeba mwalimu taya ikining'inia, na kesi ya mkono wa Terry bado iko kortini. Wamaitha hakurudi kokote. Kila Jumamosi Mercyline humwekea omena mlangoni, hasemi neno, huenda zake. Katika chumba kile sasa anafundisha binti anayeitwa Lornah. Mlango haupo, Wamaitha aliung'oa bawabani mwenyewe, na saa ya masomo huileta cherehani yake akashonea pale kizingitini. Fimbo haipiti.

Januari iliyofuata Terry alikuja kupimwa sketi pale kizingitini. Mkono uliunga vibaya, sasa anaandika kwa kushoto. Wamaitha alimpitishia futi polepole, akaandika vipimo.

"Mwaka huu hatuhitaji kile kitambaa, sivyo?"

Terry alitazama upande wa pili, pale penye uwazi wa mlango, ambapo Lornah alikuwa anafuta ubao akiimba.

"Weka tu, Mama Fundi," alisema.

Wamaitha alifungua sanduku, akatoa blanketi, akakata.