Tulivyoitua Ndege ya Barua

Mimi ni mtu wa ndani. Wengine huzaliwa na miguu ya safari. Mimi nilizaliwa na makalio ya kiti. Nashona mapazia, na nashonea hapa hapa sebuleni, kwenye fleti yetu ya Umbilo, Durban. Mke wangu ana saluni, na hupenda kuwaambia wateja wake kwamba ukitaka kujua kama nje mvua inanyesha, muulize mtu yeyote isipokuwa mume wake.

Kwa hiyo mama mkwe alipokuja kutoka Uvira, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho, ilieleweka bila kikao kwamba mlinzi wake wa mchana ningekuwa mimi.

Lakini kwetu Kigoma mtu na mama mkwe wake hawakai hivi hivi. Hukai naye kiti kimoja, humtazami usoni, utani ndiyo usiuguse kabisa. Na sebule yetu, ukipiga chafya upande huu, wa upande ule anajifuta. Nikafanya lile ninaloliweza: nikashona pazia zito la maua, nikalitundika katikati. Kule kochi lake, huku mimi na cherehani yangu ya kukanyaga. Televisheni ilikuwa juu ukutani, tukaigawana kama nchi mbili zinavyogawana ziwa.

Operesheni ya jicho la kwanza ilipangwa Jumatatu. Bahati mbaya, mama mmoja wa kanisani alikuwa ameshamweleza inavyofanyika: jicho linang'olewa, linawekwa kwenye sahani, linaoshwa, linarudishwa. "Na kama paka anapita?" mama mkwe aliuliza. Tangu siku hiyo alikuwa akipanga nguo zake kwenye mfuko na kuuliza basi la kurudi Kongo linaondokea wapi.

Jumapili asubuhi alikataa hata kwenda ibadani. Mke wangu akanivuta jikoni.

"Baba, leo mama asitoke humu ndani. Kesho tukikosa, sijui watatupa nafasi nyingine lini. Daktari amesema macho yakikaa zaidi hivi anaweza asione tena kabisa."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Ongea naye."

"Na mkwe? Mimi?"

"Basi imba," akasema, akachukua Biblia yake, akaenda. Na ibada ya Wakongomani huanza jua likiwa changa, huisha jua limezeeka.

Nyuma ya pazia nikasikia zipu ya mfuko. Nikafanya wafanyavyo waoga wote: nikawasha televisheni.

Ikatokea filamu ya zamani ya Kimarekani, nyeusi na nyeupe. Ndege ndogo zenye mabawa mawiliwili, wanaume wenye makoti ya ngozi, ukungu.

"Iko nini inalia hivyo?" mama akauliza.

"Ndege, mama."

"Ndeke? Banaenda wapi?"

"Wanapeleka barua."

Zipu ikasimama. "Barua za nani?"

Hapo lazima nieleze elimu yangu. Nilimaliza kidato cha nne na vyeti viwili. Kimoja cha serikali, hicho sikionyeshi. Cha pili kimo kichwani: nilikipata kwenye mabanda ya video, ambako mtu mmoja mwenye kipaza sauti alikuwa akizitafsiri filamu za kigeni papo kwa papo, anawafanya Wachina wagombane kwa Kiha na wazungu watukanane kama makondakta. Yeye ndiye aliyetufundisha sheria kuu ya sinema: mwigizaji mkuu anaitwa steringi, na steringi hafi.

Nikakohoa kidogo, nikaanza. "Huyu mwenye masharubu membamba ndiye steringi, mama. Anasema: mimi naweza kuruka juu ya mlima huu huku nimefumba macho."

"Majivuno."

"Majivuno matupu. Sasa anakunywa pombe. Mkubwa wa uwanja anamwambia: wewe, ukinywa tena hurushi ndege yangu."

"Na yule mwanamke analia?"

"Ni mchumba wa rafiki yake. Steringi anamtongoza."

"Eh! Na rafiki iko wapi?"

"Yuko angani, amebeba barua."

"Mbwa huyu," mama mkwe akasema. Nikajua nimempata. Mfuko ukashuka chini, nikausikia.

Kilichoniponza ni ujanja. Nilijiona hodari, nikaanza kuchomeka dawa kwenye ugali. Mchumba yule alipomshika mkono mzee mmoja wa pale uwanjani, nikatafsiri: "Anasema, baba, nenda hospitali ukatengenezwe macho, ni kitu cha dakika chache tu, hakiumi."

Nyuma ya pazia akaita: "Mukwe."

"Naam, mama."

"Yule mutoto alisema maneno matatu. Weye umesema ishirini. Ni bongo."

Kwa Waswahili wa Kongo, bongo ni uongo. Nikaomba radhi, nikarudi kwenye filamu kama mwanafunzi aliyechapwa.

Basi hadithi ikanoga. Rafiki akaanguka milimani, akavunjika miguu, lakini hai. Mfuko wa barua ukaokolewa, ukarudishwa uwanjani. Ukungu ukashuka mpaka chini, na mkubwa wa uwanja akasema leo hakuna kuruka. Steringi, ambaye kwa kweli ndiye aliyemponza mwenzake kwa kulewa siku ya zamu yake, akavaa koti, akaupakia mfuko, akaruka.

"Sasa huyu anaona?" mama akauliza.

"Haoni kitu. Wenzake walio chini ndio wanamwelekeza kwa redio."

"Na anawaamini?"

"Hana wengine, mama."

Ndege ikanguruma ndani ya weupe. Petroli ikawa inakwisha. Mtu wa redio akashika kipaza sauti, akafungua mdomo, na umeme ukakatika.

Eish. Friji ikanyamaza, televisheni ikanyamaza, na chini Barabara ya Umbilo magari yakaanza kupigiana honi maana roboti, yaani taa za barabarani za huku, nazo zilikuwa zimezimika.

"Kisha?" mama akauliza.

Ningeweza kumwambia umeme umekatika. Lakini nilisikia mkono wake ukipapasa sakafu kuutafuta ule mfuko. Nikaweka miguu kwenye kanyagio la cherehani, nikakanyaga bila kitambaa wala uzi. Ikanguruma. Na ile mashine yangu ni nzee, inanguruma kwa kikohozi, ndege kamili yenye matatizo.

"Kisha anazunguka, mama! Anatafuta uwanja! Anasema: nyinyi wa chini, mimi sioni, nisemesheni!"

"Na banasema nini?"

Hapo ndipo nilipokwama. Filamu hii sikuwahi kuiona mwisho wake, na filamu za zamani hazijui sheria. Zinamuua steringi hivi hivi. Nikakanyaga tu. Jasho likanitoka. Mtu wa ndani, na petroli yangu ilikuwa imekwisha.

"Mtu wa redio... ameishiwa maneno," nikasema.

Pazia likafunguliwa. Mama mkwe alikuwa amesimama, amelishika kwa mikono miwili, anatazama pale palipo na ngurumo. Nikainamisha uso kwa heshima, lakini miguu sikuisimamisha.

"Sogea," akasema. Akapapasa, akakaa kwenye kigoda changu cha kukatia, goti karibu na goti, jambo ambalo ukoo wangu wote ungelililia. "Friji imenyamaza zamani, mukwe. Miye ni kipofu, si kiziwi. Endesha."

"Naendesha, mama."

"Weye rubani! Weye mbwa mwizi wa wachumba! Unanisikia?"

"Nasikia!" nikaitika, kwa sauti ya masharubu.

"Usiogope. Miye niko chini huku. Geuza mkono wa kuume. Polepole! Nani amekufundisha? Sasa teremka."

"Naona mti!"

"Hakuna mti, nimeukata. Teremka."

"Petroli imekwisha!"

"Teremka hivyo hivyo! Watu banangojea barua zao! Unajua mama gani iko pale anangojea? Teremka, mwanangu, teremka, teremka..."

Nikapunguza kasi. Cherehani ikakohoa, ikazunguka mara ya mwisho, ikasimama.

"Imegusa," nikasema.

Mama mkwe akapiga kigelegele ambacho jirani wa juu, mama wa Kizulu, alikijibu kwa kigelegele chake bila kujua anasherehekea nini. Tukacheka mpaka nikapaliwa. Alipotulia, akajifuta macho yale yasiyoona.

"Kesho," akasema, "nani atakuwa chini?"

"Mke wangu atakupeleka, mama."

"Yule atalia. Utakuja weye. Utanishika mkono, utanisemea kila kitu daktari anachosema. Lakini bila bongo."

"Mama, na heshima?"

"Heshima itatungojea hapa na pazia."

Nikatoka nyumbani, basi, mimi. Hospitalini wakanivika kofia na gauni la kijani, daktari akaniruhusu nikae pembeni mradi mgonjwa asitikisike. Wakamtia dawa ya ganzi. Jicho halikung'olewa na sahani haikuonekana. Nilimtangazia hilo mapema. Daktari akasema kwa Kiingereza atazame taa, asisogee.

"Rubani," nikamnong'oneza, "tazama taa ya uwanja. Shikilia hapo hapo."

Midomo yake ikaanza kutetemeka kwa kicheko.

"Unamwambia nini?" daktari akauliza.

"Maneno yako, daktari."

"Maneno yangu hayachekeshi."

"Kwa Kiswahili yanachekesha kidogo."

Mkono wa mama mkwe ulinibana mpaka mwisho, lakini hakutikisika hata ukucha.

Kesho yake wakafungua bandeji. Akatazama kwanza mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma. Akamtazama nesi, akamwambia kwa Kiswahili chake cha Kongo kwamba ni mzuri. Kisha akanigeukia, nami nikainama.

"Inua uso, mukwe."

Nikainua. Akanikagua taratibu, kama anayechagua kitambaa.

"Aa," akasema. "Binti yangu aliniambia ni mrefu."

Nje alikataa mkono wangu. Roboti ikawaka kijani, akavuka peke yake, kiuno kimenyooka, mfuko begani. Mimi nilikuwa bado nafunga karatasi za hospitali, nikachelewa. Ikawaka nyekundu, nikabaki upande wangu na mzee mmoja mwenye fimbo. Ng'ambo ya pili mama mkwe akasimama mbele ya watu wote wa Durban, akaanza kuyatangaza anayoyaona, kwa sauti ya juu, moja baada ya jingine: teksi nyeupe yenye dirisha lililopasuka, nguo zilizoanikwa ghorofani, njiwa aliyekatika kidole.

"Na huyo mzee aliye na weye hapo!" akapaza sauti juu ya magari. "Amevaa soksi mbili mbalimbali!"

Nikamtazama mzee miguuni. Moja nyeusi, moja ya buluu.